Shajara ya mradi: kijitabu cha methali kwa herufi za risasi

Shajara hii inafuata utengenezaji wa kijitabu cha kurasa 16 chenye methali za Kiswahili zinazohusu kazi, pamoja na maelezo mafupi chini ya kila methali. Kitapangwa herufi moja moja kwa mkono na kuchapwa kwa mashine ndogo ya mkono. Hatua ambazo mwongozo wowote wa uchapaji unazieleza vizuri nimezigusa tu. Nafasi kubwa nimeyapa matatizo yanayotokana na Kiswahili chenyewe, kwa sababu idadi ya herufi zinazouzwa pamoja, na hata mpangilio wa sanduku la kuzihifadhia, vilitungwa kwa kufuata lugha nyingine. Anayetaka kuiga kazi hii ataokoa muda mwingi akiyajua hayo kabla hajanunua chochote.

12 Januari: Vifaa na vipimo

Sura ya herufi iliyochaguliwa ni Garamond ya pointi 12, iliyopewa jina la Claude Garamond, mchonga herufi wa Paris wa karne ya 16. Herufi zenyewe zimewahi kutumika, na zilipatikana katika mafungu mawili. Upana wa mstari ni pica 20, yaani milimita 84 hivi, na kati ya mistari kuna fito za risasi za pointi 2.

Kuna kanuni ya zamani inayosaidia kukadiria mahitaji: kilo moja ya herufi zilizopangwa hufunika takriban sentimita za mraba 57. Ukurasa wetu wenye eneo la maandishi la sentimita 8.4 kwa 13 unahitaji basi karibu kilo mbili. Kiasi hicho lazima kiongezwe walau kwa nusu yake, kwa kuwa vichumba vya sanduku havimaliziki kwa usawa. Herufi moja ikikwisha, kazi yote husimama hata kama nyingine zimejaa tele.

Siku nzima ilikwenda katika kusafisha. Herufi zilizokaa penye unyevu huota unga mweupe, nao ni kutu ya risasi, haifai kupulizwa wala kupanguswa ikiwa kavu. Zilizoathirika sana zilitengwa kwa glavu na kufungwa ndani ya mfuko ili zirudishwe kuyeyushwa. Zilizobaki zilisuguliwa kwa brashi na mafuta ya taa. Chakula hakiingii chumba cha kazi, na mikono huoshwa kila unapotoka.

26 Januari: Kilichokwisha kwanza ni k

Nilitarajia upungufu wa a. Ulioanza kuonekana ni wa k, na sababu yake inastahili kuelezwa kwa takwimu.

Kuna hesabu maarufu ya herufi za mpiga chapa wa Kiingereza, inayohusishwa na Samuel Morse alipotaka kujua ni herufi zipi zipewe alama fupi katika telegrafu. Ndani yake e ni 12,000, t ni 9,000, a ni 8,000, w ni 2,000, k ni 800 na z ni 200. Kwa uwiano huo, seti ndogo yenye a 40 ina e 60, t 45, w 10, k 4 na z 1 tu. Sasa tazama methali tano za ukurasa wa kwanza:

Haraka haraka haina baraka.
Mchagua jembe si mkulima.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Chovya chovya humaliza buyu la asali.
Kidole kimoja hakivunji chawa.

Jumla ni herufi 129. Kati yake a ni 31, karibu robo ya maandishi yote. Herufi k ni 8 ukihesabu na ile kubwa inayoanza methali ya mwisho, ilhali e ni 4 na t ni 2. Katika methali ya kwanza peke yake a ni 11 kati ya herufi 23, wala hakuna e hata moja. Kwa seti ya uwiano wa Kiingereza, k ya nne inatumika katika neno "mkulima", na upangaji unakwama katikati ya "Mtaka" huku e 58 na t 44 zikiwa bado sandukuni hazina kazi. Hivyo ndivyo ukurasa wetu wa kwanza ulivyokwama.

Dawa ya muda ni ile waliyoitumia wapiga chapa wa zamani wenye herufi chache: kupanga ukurasa, kuuchapa nakala zote, kuzirudisha herufi sandukuni, kisha kupanga unaofuata. Njia hii inafaa, lakini ina masharti. Ukurasa ukishavunjwa hakuna kurudi nyuma, kwa hiyo prufu (chapa ya majaribio ya kusahihishia) ya mwisho iwe ya mwisho kwelikweli. Pia lazima ujue mapema kila ukurasa utaishia wapi, kwa sababu katika kijitabu cha kurasa 16 kilichoshonwa katikati, ukurasa wa 2 unakaa karatasi moja na wa 15, na wa 4 unakaa na wa 13. Maandishi yote yalihesabiwa kwa penseli, mstari kwa mstari, kabla ya kuendelea.

9 Februari: Sanduku lapangwa upya

Sanduku tunalotumia ni la mpangilio uitwao California, wenye herufi ndogo upande wa kushoto na katikati, na herufi kubwa upande wa kulia. Kichumba kikubwa kuliko vyote ni cha e, nacho kiko mahali ambapo mkono unafika bila kutafuta. Kichumba cha k ni kidogo na kiko pembeni juu. Kwa mpangaji wa Kiswahili, mkono unasafiri safari ndefu kwa herufi inayohitajika kila mara, huku mahali pazuri pamekaliwa na herufi inayotumika kwa uchache.

Jaribio la kwanza lilikuwa kuuvunja mpangilio wote na kuupanga upya kwa kufuata wingi wa herufi katika Kiswahili. Lilishindikana, tena kwa namna isiyoonekana mara moja. Kupanga kulikwenda vizuri kwa kuwa jicho linaona herufi kabla ya kuiweka. Kurudisha ndiko kulikoharibika, kwani hapo mkono huenda kwa mazoea. Baada ya kurasa chache sanduku lilikuwa limechanganyika, m zikiwa kwa n na i zikiwa kwa l, na ilibidi limwagwe na kuchambuliwa upya.

Mpangilio uliobaki una mabadiliko machache tu. a na e zimebadilishana vichumba. Herufi k imechukua nafasi ya c, ambayo kwa Kiswahili haijitokezi isipokuwa mbele ya h. Kichumba cha x kimepewa akiba ya z, na cha q akiba ya w. Vichumba vya herufi zilizounganishwa ffi na ffl vimewekwa apostrofi. Ile ya fi imebaki mahali pake, maana maneno kama "fikiri", "hifadhi" na "mfinyanzi" ni mengi, na kichwa cha f kinachojitokeza nje ya kiwiliwili chake huvunjika kikigusana na nukta ya i. Kila kichumba kilichobadilika kimebandikwa kibandiko chekundu. Waliofundishwa mpangilio wa kawaida watanung'unika, nami nawaelewa, lakini kwa kazi ya Kiswahili ya mfululizo nasimama na mabadiliko haya.

23 Februari: Herufi za ziada zenye kimo kingine

Fungu la pili la herufi lilikuwa na a na k za kutosha, zenye sura ile ile kwa macho. Prufu ya kwanza iliyozichanganya ilitoka na madoa: k zilitoboa karatasi, na herufi zilizopakana nazo zilififia au hazikutokea kabisa. Aidha, mistari yenye herufi hizo haikukaza ndani ya fremu, na baadhi ya herufi zilianguka fremu ilipoinuliwa.

Kipimo cha maikromita kilieleza yote mawili. Fungu la kwanza lina kimo cha milimita 23.32, ambacho ni kimo cha Uingereza na Marekani. La pili lina milimita 23.56, kimo cha Ufaransa. Tofauti ni karibu robo milimita, na kwa kazi hii hiyo ni tofauti kubwa mno, kwani unene wa karatasi moja tu chini ya herufi hubadilisha chapa. Kiwiliwili nacho si kimoja. Fungu la pili ni la pointi 11 za Didot, kipimo cha pointi cha Ufaransa, yaani milimita 4.14, ilhali pointi 12 za Kiingereza ni milimita 4.22. Kwa jicho zinafanana kiasi cha kupotosha. Kwa chuma hazikai pamoja.

Kukata nyayo za herufi ili zifupike kungetatua kimo na kuacha kiwiliwili kikiwa bado chembamba, kwa hiyo wazo hilo liliachwa. Herufi zilizokwisha kuchanganyika zilitenganishwa kwa mfuo. Kila herufi ya risasi ina mfuo ubavuni mwake, na viwanda hutofautiana kwa idadi na mahali pa mifuo hiyo, hivyo ukizipanga sambamba kwenye kipangio (kifaa cha mkononi cha kupangia mistari), ya kigeni inajitokeza papo hapo. Fungu la pili limewekewa sanduku lake na litatumika peke yake kwa kazi nyingine.

Herufi za kujazia (a, k, u, w, y na z) ziliagizwa kwa mwenye mashine ya kuyeyusha na kumimina herufi mpya. Agizo kama hili liambatane na sampuli mbili, H kubwa na m ndogo, ili amiminaye alinganishe kimo, kiwiliwili na mstari wa chini wa herufi. Vilevile uliza mchanganyiko wa madini. Risasi tupu ni laini mno. Antimoni ndiyo inayoipa ugumu na bati linaifanya itiririke vizuri na kujaza kona za kalibu. Herufi za kupanga kwa mkono, ambazo zitatumika mara nyingi, zinahitaji antimoni na bati kwa wingi kuliko mistari ya mashine ya Linotype, inayomiminwa mstari mzima kwa pamoja, ambayo huchapwa na kuyeyushwa tena.

8 Machi: n iliyopinduka

Herufi zilizoagizwa zilifika na zinalingana. Kasi iliongezeka, na pamoja nayo kosa ambalo Kiswahili hulificha vizuri. Herufi n ikipinduliwa kichwa chini husomeka u. Katika lugha nyingi kosa hilo hutoa neno lisilo na maana, na jicho linasimama. Kwetu silabi ni fupi na zinafanana, na neno linalopatikana mara nyingi ni neno halali. Katika "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu", n moja ilikaa kichwa chini, na prufu ikasomeka "Asiyefunzwa ua mamaye". Wasomaji wawili waliipitisha, kwa sababu methali wanaijua kwa moyo na walisoma kile walichokitarajia.

Tangu hapo ukaguzi unafanyika kwanza kwenye chuma. Mistari ikiwa ndani ya kipangio, mifuo yote inatakiwa kutazama upande mmoja na kufanya mfereji usiokatika. Herufi iliyopinduliwa inaukata mfereji huo, na ncha ya kidole inaligundua pengo hata kabla ya jicho. Kisha prufu inasomwa na watu wawili, mmoja akitamka silabi moja moja kutoka kwenye prufu na mwingine akifuata muswada. Methali zinasomwa kuanzia neno la mwisho kurudi nyuma, ili mazoea ya sikio yasizibe makosa. Ni kazi ya kuchosha. Hata hivyo, ukurasa utakaovunjwa baada ya kuchapwa haustahili chini ya hapo.

22 Machi: Ukingo wa kulia, na ng'

Maelezo ya chini ya methali yalipangwa kwanza kwa ukingo ulionyooka pande zote mbili. Matokeo yalikuwa mabaya. Mstari wa pica 20 unabeba herufi 45 hivi, na kwa kuwa kitenzi cha Kiswahili hubeba kiima, wakati na yambwa ndani ya neno moja, mstari unabaki na maneno sita au saba, mara nyingine matano. Nafasi kati ya maneno ni chache, na upungufu wote wa mstari lazima ugawanywe ndani yake. Mstari wenye nafasi tano ukipungua kwa pointi 20, kila nafasi inaongezewa pointi 4, maana yake nafasi ya kawaida ya pointi 4 imekuwa maradufu. Mashimo yalionekana, na yalipokutana mstari juu ya mstari yakafanya mifereji myeupe.

Kugawa maneno kulisaidia kwa sehemu tu. Kiswahili hugawika kwa urahisi kwa kuwa silabi huishia kwenye irabu, mradi ch, sh, dh, gh, th, ny na ng' zisitenganishwe, na konsonanti zinazotamkwa pamoja, kama mb, nd na nj, zibaki pamoja. Lakini kistari mwishoni mwa mistari mitatu mfululizo kinachosha macho kuliko mashimo yenyewe. Uamuzi ulikuwa kuuacha ukingo wa kulia huru, nafasi zote zikiwa sawa, na kugawa neno pale tu mstari unapobaki mfupi kupita kiasi. Kurasa zilitulia mara moja.

Tatizo la ng' ni dogo kwa ukubwa na kubwa kwa wingi. Apostrofi ya risasi ina kiwiliwili chake na upenyo pande zote, kwa hiyo "ng'ombe" ilitokea kama maneno mawili. Koma iliyopinduliwa haifai badala yake, kwa kuwa mkia wake hugeuka na kuwa alama ya kufungua nukuu. Dawa iliyofaulu ni kusugua ubavu wa kulia wa apostrofi kwa tupa laini, kidogo kidogo, hadi o ikaribie inavyostahili. Baadhi zilivunjika, na kila iliyosuguliwa inatunzwa katika kichumba chake isichanganyike na zile za nukuu. Methali ya "Ng'ombe akivunjika guu hukimbilia zizini" sasa inaanza kwa neno moja zima.

12 Aprili: Matumbo ya a

Garamond ina jicho dogo la e na tumbo dogo la a. Kwa Kiingereza tumbo la a likijaa wino hapa na pale, ukurasa unavumilia. Kwa Kiswahili, ambako karibu kila herufi ya nne ni a, ukurasa mzima uligeuka madoadoa meusi, na hilo ndilo lililokula karatasi nyingi kuliko jambo jingine lolote katika mradi huu.

Kupunguza wino peke yake kulifanya herufi zififie kabla ya matumbo kufunguka. Chanzo kilikuwa rola. Zilikuwa chini mno, na badala ya kupita juu ya uso wa herufi zilikuwa zikizama pembeni na kuacha wino ndani ya uwazi. Kipimo cha rola kinatakiwa kuonyesha ufito wa wino wenye upana wa milimita 3 hivi. Chetu kilionyesha karibu mara mbili yake. Utepe mwembamba uliobandikwa juu ya reli za mashine, tabaka baada ya tabaka, uliziinua rola hadi kipimo sahihi.

Hatua ya pili ilikuwa karatasi. Karatasi ya pamba ikiwa kavu hukataa wino hafifu na kudai mgandamizo mkubwa. Kwa hiyo ililowanishwa kwa desturi ya zamani: karatasi moja yenye unyevu kati ya kadhaa kavu, rundo likafunikwa na kuwekewa ubao mzito usiku kucha, hadi asubuhi unyevu umesambaa sawa. Karatasi ya namna hiyo inapokea wino mdogo kwa ukamilifu. Mto wa nyuma ya karatasi ulibadilishwa kutoka laini kuwa mgumu, ili herufi iguse kwa uso wake bila kuburuta karatasi kwenye kingo.

Wengi siku hizi hupenda chapa izame ndani ya karatasi hadi iguswe kwa kidole upande wa pili. Inavutia kwenye kadi yenye maneno matatu. Katika kitabu kinachochapwa pande zote mbili inaharibu usomaji wa ukurasa wa nyuma na kuzimaliza herufi kabla ya wakati wake. Kina tulichokichagua kinaonekana mwanga ukipita kwa ubavu tu.

3 Mei: Jalada

Kichwa cha jalada, METHALI ZA KAZI, kimepangwa kwa herufi kubwa za mbao, aina iliyoenea baada ya Darius Wells wa New York kuanza kuzitengeneza kwa mashine ya kuchonga mwaka 1827. Seti ilikuwa na A mbili na Z moja. Kichwa kinataka A tatu na Z mbili. Hapa tena uwiano ni ule ule wa Kiingereza.

Zilizopungua zilichongwa kwa linoleamu ya milimita 3.2 iliyobandikwa juu ya ubao wa milimita 20, na karatasi nyembamba ikawekwa chini yake kufikisha 23.32. Z haina ulinganifu wa kushoto na kulia, hivyo lazima ichongwe kinyume. Badala ya kuchora, herufi ya mbao ilichapwa kwenye karatasi isiyofyonza, na kabla wino haujakauka karatasi hiyo ikagandamizwa juu ya linoleamu. Umbo linahamia likiwa limegeuka tayari kwa kuchongwa, na linalingana na la mbao kwa kila kona. A ya linoleamu hupokea wino mwingi kuliko ya mbao, kwa hiyo mto ulipunguzwa unene nyuma yake peke yake.

24 Mei: Gharama na hali ilipofikia

Kurasa zote 16 na jalada vimechapwa. Takriban theluthi moja ya karatasi iliishia kwenye majaribio, sehemu kubwa kabla rola hazijainuliwa. Wino uliotumika ni mdogo mno kuweza kuhesabiwa kama gharama. Herufi za kujazia ndizo zilizogharimu zaidi baada ya karatasi, na zingekuwa nafuu kama zingeagizwa pamoja na seti ya kwanza, kwa mmiminaji mmoja na kwa kalibu moja.

Kwa anayeagiza, njia ninayoipendekeza ni kuuchukua ukurasa wako uliojaa kuliko yote, kuhesabu kila herufi moja moja, kuongeza nusu, na kumpa mmiminaji hesabu hiyo badala ya kununua seti kwa wingi wa a. Usinunue q na x zaidi ya zile za majina ya kigeni.

Karatasi zinakauka chini ya ubao. Mkunjo utafuata mwelekeo wa nyuzi za karatasi, ambao ulikaguliwa kwa kulowesha kipande na kutazama kinajikunja upande gani, na kushona kwa tundu tano kutaingizwa hapa kitakapokamilika.